Nani Anamnunulia Ezekia Suruali

Recheli wa Kwihara alikuwa na mambo machache ya kujivunia, na hata hayo machache aliyataja kwa sauti ndogo, maana kanisani kwao walifundishwa kwamba majivuno ni dhambi kama dhambi nyingine. Alijivunia mchele wake, ambao mtu aliweza kuupika bila kuuchambua mawe. Alijivunia watoto wake wanne, Bundala na wadogo zake watatu, wote wamemaliza shule, wote wana makwao. Lakini kuliko hayo yote alijivunia jambo moja ambalo wanawake wenzake walilijua bila kuambiwa. Mume wake, Ezekia, tangu siku mchungaji alipowaunganisha mikono, miaka ishirini na minane sasa, hakuwahi kujinunulia nguo. Shati, suruali, sweta la kipupwe, hata soksi, vyote vilipitia mkononi mwa Recheli.

Si kwamba Ezekia alikuwa mvivu. Alikuwa mtu wa porini, mwenye mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye miti huko upande wa Igalula, na nyuki hawakumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni duka. Akiingia mahali penye nguo zilizopangwa na mtu anamuuliza, "Nikusaidie nini, bwana?" alitokwa jasho mpaka kwenye nyusi. Wakati wa uchumba wao alijaribu mara moja, akarudi na shati la kike, vifungo upande wa kushoto. Alipoulizwa kwa nini hakulirudisha, akasema yule muuzaji alikuwa amekwisha kulikunja vizuri, akaona haya kumsumbua. Recheli alicheka siku tatu. Siku ya nne akamwambia, "Ezekia, wewe shughulika na nyuki. Nguo niachie mimi." Na shangazi yake naye, siku ya kumfunda, alikuwa amemwambia kwa namna yake kwamba mwanamume anaweza kula hata kwa dada yake, lakini vazi lake alijue mke wake.

Basi kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, Recheli alivaa kitenge chake cha safari akaenda mjini Tabora, moja kwa moja dukani kwa Naushad. Naushad alikuwa Mhindi wa pale pale, mzee mwenye miwani ya kamba, ambaye babu wa babu yake aliingia Tabora kwa njia ya misafara na marobota yake ya kitambaa cha merikani yakiwa mabegani mwa Wanyamwezi.

"Biashara yetu ni ya zamani, Mama Bundala," alipenda kumwambia. "Babu yako alibeba, babu yangu akauza."

"Na mimi leo nanunua tena nabeba," Recheli alimjibu. "Wewe bado unauza tu. Sasa nani kapiga hatua?"

Walicheka, na Naushad akashusha suruali za kahawia kutoka rafu ya juu. Siku zote zilikuwa za kahawia, kwa sababu kahawia haioneshi vumbi. Recheli hakuhitaji kwenda na Ezekia ili ajaribu. Alikuwa na kipimo chake mwenyewe, alichokigundua mwaka ule wa kwanza wa ndoa, na hakikuwahi kumwangusha. Alipima haraka haraka Naushad akiwa amegeuka kutafuta karatasi ya kufungia, akalipa, akarudi Kwihara. Jioni aliifungua ile karatasi mezani, na Ezekia alisema neno lile lile kila mwaka: "Ahsante, Mama Bundala. Nzuri sana."

Mwaka huu, baada ya Pasaka, Ezekia akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Recheli alimshukuru Mungu kwa machozi. Haikupita miezi mitatu akaanza kuona mambo.

La kwanza lilikuwa suruali ya kijivu. Jumapili moja Ezekia alitoka chumbani ameivaa, ina mstari wa pasi mbele uliosimama kama umechorwa kwa rula. Ilimkaa. Hilo ndilo lililomtia Recheli baridi, namna ilivyomkaa. Kiunoni ilishika, nyuma haikuning'inia, na Ezekia, mwanamume wa miaka hamsini na tatu, alionekana kama mtu ambaye ana mahali pa kwenda.

"Hiyo umeitoa wapi, Baba Bundala?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyovaa. Au umevaa mbili?"

"Aa, hii. Niliipata mjini."

"Uliipata. Ilikuwa imedondoka barabarani?"

"Tutachelewa ibada, Mama Bundala," akasema, akatangulia nje.

Siku ile Recheli hakusikia mahubiri. Aliketi upande wa wanawake akiangalia mgongo wa mume wake pale mbele, akahesabu ni vichwa vingapi vyenye vitambaa vilivyokuwa vimeelekea kule kule. Alimjua mumewe kuwa mcha Mungu. Lakini mtu anayeogopa kumrudishia muuzaji shati la kike, amewezaje kuingia dukani akatoka na suruali ya namna ile? Hakuichagua mwenyewe. Kulikuwa na mkono.

Siku mbili baadaye akakutana na jirani yake Bertila bombani. Bertila alikuwa Mkatoliki, mwema, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mwangaluka, dada Recheli! Ee, Jumapili nilimwona shemeji akipita, nikadhani ni mgeni kutoka wizarani. Nani huyo anamvisha siku hizi?"

"Nani mwingine?" Recheli akasema. "Mimi."

"Basi siku hizi umejifunza," Bertila akasema, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Recheli alibaki amesimama mpaka maji yakafurika na kumlowesha miguu. *Umejifunza.* Kwa hiyo zamani alikuwa hajui? Kwa hiyo miaka yote hiyo watu walikuwa wanamtazama Ezekia na kunyamaza?

Alirudi nyumbani akafungua sanduku la nguo. Alitoa suruali za kahawia, zile zake, alizonunua kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Kwa macho zilikuwa zile zile. Lakini alipoigeuza ya kwanza ndani nje, akaona pale nyuma, chini ya mkanda, kitambaa kimekatwa na kushonwa upya. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mshono ulikuwa wa cherehani, mdogo mdogo, safi, wa uzi mweusi, na mwisho wa uzi ulikuwa umefichwa kwa ndani ili usimkwaruze mtu. Recheli hakuwa na cherehani.

Alikaa kitandani na zile suruali mapajani. Nguo mpya mtu angeweza kusema kapewa, au kaishinda mahali. Lakini hizi zilikuwa za kwake. Mtu aliziingilia, akazifungua, akaacha uzi wake ndani, na kila Jumapili Ezekia alikwenda mbele za Mungu na uzi wa mtu mwingine kiunoni.

Alipiga magoti pale pale. "Bwana, wivu ni kitu kibaya, nakijua," aliomba. "Niondolee. Lakini kwanza nioneshe ni nani." Alipoinuka alijua kwamba sala hiyo haikuwa imekaa vizuri, ila hakuirekebisha.

Ijumaa, Ezekia akiwa porini kwenye mizinga, Recheli alikunja suruali moja ya kahawia akaitia kwenye mkoba, akapanda bodaboda mpaka mjini. Alianzia kwa Naushad, maana ndiko alikokujua.

"Mama Bundala! Umepotea. Mwaka huu sijakuona."

"Nipo, Bwana Naushad. Nataka unitazamie kitu." Akaiweka suruali kaunta. "Huu mshono ni wa nani?"

Naushad akaisogeza mpaka puani, akapandisha miwani, akashusha. Uso wake ukabadilika, na Recheli akaona jambo ambalo hakulitegemea. Mzee alikuwa ameudhika kama yeye.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye anayenimaliza. Hafsa, kule kwenye mitumba. Ndiye peke yake anayeficha uzi hivi. Mimi hapa nina suruali mpya, Mama Bundala, mpya, zina karatasi ndani ya mfuko! Watu wananipita mlangoni, wananisalimia vizuri kabisa, shikamoo mzee, halafu wanakwenda kununua kafa-Ulaya. Suruali aliyoivaa marehemu! Anawapunguzia kiuno hapo hapo, anawakunjia miguu hapo hapo, mtu anaondoka amevaa. Sasa na mzee wako naye?"

"Na mzee wangu naye."

Walitazamana juu ya kaunta kama watu wawili waliofiwa. Kisha Naushad akamwelekeza: avuke soko kuu, apite wauza viatu, atafute banda lenye kioo kirefu kilichofungwa kwenye nguzo. "Ukifika, mtazame vizuri," akaongeza, "unieleze ana nini ambacho mimi sina."

Soko la mitumba siku ya Ijumaa asubuhi lilikuwa limefurika. Marobota mapya yalikuwa yamefunguliwa, na vijana walisimama juu ya meza wakirusha mashati hewani na kuimba, chagua vaa, chagua vaa, mama wa kanisa usipite. Recheli alishika mkoba wake mbele ya kifua akapita. Banda alilitambua kwa mbali. Chini ya mabati kulikuwa na cherehani ya miguu, makoti na suruali zimetundikwa kwa rangi kama mtu aliyepanga maua, na mbele yake wanaume watano wamejipanga, wazima, wenye ndevu, wametulia kama watoto kwenye zamu ya chanjo.

Na Hafsa mwenyewe. Recheli alikuwa amejitengenezea kichwani mwanamke wa aina fulani, wa wanja na kucha ndefu. Huyu alikuwa wa miaka arobaini hivi, mnene wa kadiri, amejifunga ushungi vizuri, pini tatu mdomoni. Ingekuwa afadhali kucha ndefu. Huyu hakuwa na kitu cha kumchukia nacho haraka.

Recheli akajificha nyuma ya makoti akaangalia kazi. Mwanamume alisimama. Hafsa alimtazama mara moja, kutoka mabega mpaka visigino, akachomoa suruali kwenye safu bila kuuliza, akaifunga kifungo, akaishika mkanda kwa ncha mbili na kumzungushia shingoni. Ncha zilipokutana kisogoni, ikatosha.

"Simama wima, baba, acha kupumua kama umefukuzwa. Haya. Hii ni yako. Nenda kajaribu nyuma ya pazia kama huniamini."

"Nakuamini, Hafsa."

"Unaniamini kwa sababu unaona uvivu kuvua viatu."

Wanaume wakacheka. Recheli hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vile vikigusana kwenye kisogo cha mtu, na kichwani mwake kisogo kilikuwa cha Ezekia, kile chenye kovu la nyuki chini ya nywele. Kovu hilo alilipaka yeye dawa. Kumbe mwenzake amelishika, tena mara kadhaa, mchana kweupe, na wanaume watano wanangoja zamu. Miguu ikamtoka nyuma ya makoti kabla hajajua atasema nini.

"Shikamoo, dada," Hafsa akasema. "Karibu."

Recheli alikuwa ameapa moyoni kwamba hataipokea salamu yake. Lakini mdomo uliozoea adabu ulijibu wenyewe. "Marahaba."

"Nikutafutie nini?"

"Suruali ya mume wangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hana haja ya kuja," Recheli akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika na wote watano. "Kiuno chake nakijua mimi. Miaka ishirini na minane nampimia bila yeye kuwapo, na sijakosea."

"Mashallah," Hafsa akasema kwa heshima ya kweli. "Basi chagua, dada."

Recheli akachagua ya kahawia. Akaifunga kifungo, akaishika ncha mbili mbele ya watu wote, kwa fahari, akajizungushia shingoni mwake mwenyewe. Haikufika. Akaitundika, akachukua kubwa zaidi, akajizungushia. Ncha zikakutana kisogoni.

"Hii hapa," akasema.

Hafsa alizitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu.

"Dada, samahani. Mbona unapima shingo yako?"

"Ndicho kipimo. Mwaka nilioolewa, suruali iliyonitosha shingoni ilimtosha yeye kiunoni. Tangu siku hiyo—"

Hakumaliza. Hafsa alikuwa ameshika nguzo ya banda, mabega yanatikisika, anajaribu kwa nguvu zote kutocheka na hawezi. Wale wanaume walitazama chini, kila mmoja akichunguza viatu vyake. Kisha Hafsa akamtazama usoni.

"Wewe ndiye Mama Bundala! Mke wa mzee wa asali!"

"Umenijuaje?"

"Suruali sita, dada! Suruali sita zimepita kwenye cherehani hii, zote za kahawia, zote wanaingia watu wawili. Nikamwuliza, mzee, hizi unanunuliwa na nani? Akanikemea kweli kweli. Akasema, 'Nanunuliwa na mke wangu, na usicheke.' Wallahi sikucheka. Mpaka leo."

"Shingo yangu haijabadilika," Recheli akasema.

"Uliolewa ukiwa mnene hivi?"

"Nilikuwa naitwa Ufito."

Hafsa akamshika mkono polepole, akamgeuza kuelekea kioo kirefu. Recheli akajitazama. Shingo ilikuwa pale, nene, nyororo, na pingili zake tatu ambazo Ezekia alizisifu. Ilikuwa imekua kidogo kidogo, na kila mwaka iliongeza suruali za mume wake bila kumwambia mtu. Na mwanamume wa watu, mwembamba vile vile kama siku ya harusi, alikuwa ndani ya suruali hizo.

Angeweza kucheka. Kwa kweli, kicheko kilimfikia kooni. Lakini Hafsa, kwa nia njema kabisa, akaendelea kusema.

"Kiuno chake ni thelathini na moja, dada, kiandike. Bega la kulia limeshuka kidogo, nadhani ni kwa ajili ya kubeba mizinga, kwa hiyo koti lake linataka kuongezewa kitu ndani. Na mfuko wa nyuma lazima uwe na kifungo. Bila kifungo haichukui."

"Kifungo gani?"

"Cha mfuko wa nyuma. Anaogopa kuangusha leso yake. Hakukwambia?"

Kicheko kikarudi kilikotoka. Recheli alikuwa amempa Ezekia leso hiyo. Alikuwa ameifua mara elfu. Hakujua kwamba anaogopa kuiangusha.

"Nitarudi," akasema, akaondoka bila kununua, na kwa Naushad hakupita.

Ezekia alikuwa nyuma ya nyumba anachuja asali kwa kitambaa, mikono imenata mpaka viwikoni, jua bado liko juu. Recheli hakuvua hata viatu vya safari.

"Baba Bundala. Mfuko wa nyuma."

"Mfuko gani?"

"Unapenda uwe na kifungo."

Ezekia aliweka sufuria chini taratibu, kama mtu aliyesikia mzinga ukinguruma. "Umekwenda kwa Hafsa."

"Unalitaja jina lake kirahisi hivyo?"

"Ndilo jina lake, Mama Bundala."

"Niambie. Kila kitu. Usiruke kitu."

Akamweleza, akiwa amesimama na mikono imeinuliwa isichafue nguo. Ile Jumapili yake ya tatu ya uzee wa kanisa, alipokuwa anatoka mbele na sahani ya sadaka kwa mikono miwili, mkanda ulifunguka. Suruali ikaanza safari. Akaibana kwa viwiko, ikapita viwiko, ndipo akaketi ghafla kwenye benchi la wazee wa kwaya na sahani mapajani.

"Siku ile ulisema umeshikwa na kizunguzungu," Recheli akasema. "Nikakupikia uji."

"Ulikuwa uji mzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mwaka ilipoanza kuzidi, ilizidi kidole kimoja. Kwa kidole kimoja mtu anasema nini? Mwaka uliofuata vikawa viwili. Na wewe unaifungua karatasi mezani, uso wako unang'aa. Ilipofika kiganja kizima, nilikuwa nimechelewa kusema kwa miaka kumi. Nikawa natoboa mkanda kwa msumari."

"Ukaona afadhali umwambie mwanamke mwingine."

"Nilimwambia fundi."

"Fundi ana mikono."

"Ana mkasi pia, Mama Bundala. Ananitisha."

Recheli aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. Alimwamini. Hilo ndilo lilikuwa ajabu, aliamini kila neno, na bado wivu haukuondoka, ulikaa tu pale pale kifuani. Hafsa hakumchukua Ezekia. Alichochukua ni yale maneno, kidole kimoja, vidole viwili, kifungo cha leso, ambayo mwanamume huyu alikuwa ameyabeba miaka mingi mbele yake, mezani pake, na akaenda kuyatua kwa mtu asiyemjua kwa sababu mtu huyo hakuwa na uso wa kung'aa.

"Nilitaka kuyasikia mimi kwanza," akasema hatimaye.

Ezekia alitazama mikono yake yenye asali. "Ni kweli," akasema. "Ulistahili."

"Jumamosi tunakwenda wote. Utanunua nguo mbele yangu. Wewe mwenyewe utasema unachotaka."

Jasho likamtoka pale pale kwenye nyusi.

Jumamosi wakaenda. Hafsa alipowaona pamoja alitoa kigoda chake mwenyewe akampa Recheli, akampa na shikamoo ya kuinama. Recheli aliketi wima, mkoba mapajani. Aliangalia suruali ya buluu ikizungushwa kwenye kisogo cha mume wake, akaangalia vidole, akaona kwamba vilikuwa vidole vya mtu anayefikiria kiuno tu. Alijua hivyo. Lakini kujua hakukumzuia kuhesabu vimekaa pale muda gani.

Ezekia akatoka nyuma ya pazia amevaa. Ilimkaa. Ilibaki miguu tu, ambayo ilikuwa mirefu.

"Dada, nishikie pini," Hafsa akasema, akapiga magoti upande wa kulia. "Unikunjie mguu ule mwingine, twende haraka, kuna watu."

Recheli akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti upande wa kushoto. Kila mmoja alikunja wa kwake. Alikuwa mwangalifu, alipima kwa jicho mpaka pindo likagusa kisigino cha kiatu, kama mchungaji anavyovaa, akachoma pini zake nne. Waliposogea nyuma watazame, Hafsa alikuwa amekunja wa kwake juu ya kiatu kabisa, vidole vitatu kutoka ardhini.

"Huo mfupi," Recheli akasema. "Atafanana na mtu anayevuka mto."

"Huo mrefu, dada. Atafagia soko."

"Ni mzee wa kanisa."

"Wazee wa kanisa hawana vifundo vya miguu?"

Wanaume waliokuwa wanangoja wakaanza kutoa maoni, mmoja kulia, wawili kushoto. Ezekia alisimama katikati mbele ya kioo, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, jasho linamshuka mpaka kidevuni. Hafsa akafungua mdomo aseme. Recheli akamzuia kwa mkono.

"Mwache," akasema. "Baba Bundala. Mguu upi?"

Aliijua sura ile. Ilikuwa sura ya mwanamume aliyetaka kusema kwamba yote miwili ni mizuri sana. Alimwona akivuta pumzi ya kusema hivyo. Alimwona akiizuia. Ezekia akatazama kioo, akamtazama mkewe machoni, akainua kidole, akauonesha mguu wa kulia.

"Huu."

Hafsa akainamisha kichwa haraka na kujishughulisha na uzi, maana hakuwa mjinga. Recheli akangoja moyo wake. Uliuma. Asingeweza kusema mbele za Mungu kwamba haukuuma. Alichomwa mbele ya mwanamke yule, mbele ya soko zima, na mwanamume wake mwenyewe.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mrefu unanikokotea vumbi."

"Hata zile za zamani zilikuwa zinakukokotea vumbi?"

"Zote, Mama Bundala," akasema kwa sauti kamili.

Hafsa alianza kusogea kwa magoti kuelekea upande wa kushoto, pini zikiwa tayari mdomoni. Recheli akaweka mkono wake juu ya kiatu cha mumewe.

"Baki kwako," akamwambia. "Mguu huu nimeukunja mimi, nitaupandisha mimi."

Akachomoa pini zake nne, moja moja, akaanza kukunja upya, akisogeza jicho kila mara kuuangalia mguu wa mwenzake ili alinganishe sawasawa.